Neno Nililosema Sokoni Bunda

Nyangeta mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini yako naijua. Tumekunywa uji pamoja asubuhi na hukumaliza kikombe. Sasa hivi uko Butiama kumuaga bibi yako, mama yako yuko sokoni anakutafutia dagaa wa safari, na mimi nimejifungia kwenye kibanda changu cha kazi hapa Nyakato ya Musoma, mchana huu, ili wapita njia wasinisemeshe.

Mambo ya safari simo. Mama yako atakwambia basi la Mwanza linaondoka saa ngapi, kwenye treni ukae na nani na usile cha nani, na shangazi yako huko Dar anapenda nini na anachukia nini. Mimi nina jambo moja tu. Nimelianza kwenye karatasi tatu, na zote tatu nimewashia jiko. Hii ya nne naiandika mbio kabla woga haujanikuta.

Ni hili. Unaondoka Musoma kwa sababu ya neno. Neno lilisema mashine yako ya kuchorea haichemshwi na sindano zako zina ugonjwa. Likakumalizia wateja, likawazuia wale wageni waliokuwa waje kwetu kukuposa, na wewe ukaapa kwamba ngozi ya mtu hutaichora tena maisha yako yote. Unaamini aliyelisema ni rafiki yako Sabina. Mwaka mzima umepita hujampa hata salamu, na mlikuwa mnagawana kanga moja. Sabina hakusema. Nilisema mimi, baba yako, sokoni Bunda, mchana kweupe, na nililisema kwa sababu nilikuonea wivu.

Haya, nimeliandika. Usiichane bado. Soma mpaka mwisho, halafu ichane ukitaka.

Wewe ulipopata akili ulinikuta tayari ni fundi, hukumjua yule wa kabla. Nilichukuliwa kwenye mgambo kwenda vita ya Uganda wakati hujaanza hata kutambaa. Kule kambini nilikuwa na rafiki, Mmakonde wa Newala, jina lake Chilumba, mwenye chale za kwao usoni, mtu asiyecheka ovyo. Askari walitaka majina mikononi: la mke, la mama, la mwenzao aliyebaki njiani. Chilumba aliwachora kwa sindano tatu alizozifunga kwa uzi kwenye kijiti, na masizi ya koroboi aliyoyakoroga kwa maji ya sabuni. Mimi nilimshikia taa. Siku moja alinipa kijiti akasema, "Ivute ngozi mpaka ikukasirikie." Huo ndio ulikuwa ufundishaji wake wote. Nilimchora sajini wetu jina la binti yake, na sajini akalia, na mimi nikajua kazi yangu duniani nimeipata.

Niliporudi sikuja na mali, nilikuja na sindano tatu. Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na mafuta ya taa yakikosekana hata masizi yanakosekana, maana taa isiyowaka haitoi masizi. Kuna mtu wa Sirari aliniletea chupa tatu za wino mweusi kutoka upande wa pili wa mpaka, nikaziona kama dhahabu. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, watu walitupa sukari ziwani, wengine wakavichimbia vitenge shambani. Mimi niliutumbukiza wino wangu chooni, kisha nikasimama pale mlangoni nikilia kama niliyefiwa. Mama yako alinicheka wiki nzima. Kesho yake nilirudi kwenye masizi.

Lakini kazi haikukauka. Mtu anaweza kukosa sabuni na bado akataka jina la mpenzi wake mkononi. Wanawake wa Makoko wanaouza samaki walitaka kidoti shavuni. Msimu wa pamba ulipofika nilidandia malori mpaka Bunda, nikafikia Nyasura kwa rafiki yangu mwingine wa jeshini, na wakulima wakishalipwa wanakuja mmoja mmoja wakipandisha mikono ya mashati. Waliniita Masatu Sindano. Kanisani walinisomea mstari unaokataza kuchanja mwili, wakanitoa kwaya, na sikujali, kwa kuwa nusu ya kwaya ilikuwa na herufi zangu chini ya nguo.

Nilichora vitu vitano. Jina, moyo wenye mshale, ua, mamba na samaki. Vitano tu, kwa miaka kumi na minane. Mamba wangu alikuwa na tumbo la ng'ombe na hakuna aliyelalamika, maana kuanzia hapa mpaka Bunda hapakuwa na mamba wa mtu mwingine wa kumlinganisha naye. Nakwambia hili kwa sababu ndipo nilipoharibikia. Watu walinisifu nami nikadhani wanasifu mkono wangu, kumbe walikuwa wanashukuru tu kwamba nipo. Ningekuwa na mwenzangu mmoja hapa mjini wa kunisuta kidogo, labda ningejifunza kitu cha sita. Huko uendako, tafuta watu wanaokuzidi ukae karibu nao. Mimi aliyenizidi nilimpata nyumbani kwangu, na tazama nilichomfanyia.

Ulianza na mapapai. Ulikuwa darasa la tatu, unachukua papai bichi, unaliegemeza kwenye magoti na kulichoma kwa mwiba, na utomvu unatoka pale ulipochoma. Mama yako aligomba kwa sababu mapapai yalikuwa ya mboga. Mimi nilicheka, nikakupa sindano kuukuu. Nilifurahi sana siku hizo, usije ukadhani nilikuwa na kijicho tangu mwanzo. Uliposhika kitambaa cha kufutia damu pembeni yangu, nilijiona mfalme. Watu walikuwa wakisema, "Huyu anamfuata baba yake," na hilo neno la kufuata lilinikaa vizuri.

Ukamaliza kidato cha nne, nafasi ya kuendelea haikupatikana, ukakaa nyumbani. Mambo yalikuwa yameshafunguliwa. Mitumba kila mahali, sabuni za kila rangi, na kila kijana mwenye kilo tatu za samaki alinunua redio kaseti. Redio zikawa zinaharibika kwa wingi kama zilivyoingia. Ukaokota mota ya mojawapo, waya wa gitaa, na bomba la kalamu, ukakaa navyo uani siku nne. Ulipotia betri, kikanguruma. Nilikucheka mbele ya wateja. Nikasema umeunda nyuki. Ukanijibu kwa heshima zote, "Sawa baba, ngoja tuone kama atauma."

Halafu akaja mzee Kisiri wa Makoko, yule aliyeacha kuvua macho yalipopungua. Alisema anataka furu mkononi, wale samaki wadogo wa ziwani. Sangara wamewamaliza furu wote, wajukuu zake hawajamwona hata mmoja, na yeye anataka kuzikwa naye. Nikamwambia samaki ni kazi yangu, mzee wangu, kaa hapa.

"Wewe nakujuaga, Masatu," alisema. "Samaki wako ni mmoja tu. Ukimwita sato anakuwa sato, ukimwita sangara anakuwa sangara. Mwache mtoto ajaribu."

Ulikaa naye chini. Kwanza hukushika mashine, ulimuuliza. Furu yupi, wa kwenye mawe au wa kwenye tope? Tumbo lilikuwa la rangi gani wakati wa kutaga? Pezi la juu lilisimama au lililala? Mzee akaongea kwa muda mrefu, akicheka peke yake, akikuonyesha kwa vidole urefu wake. Miaka yote niliyofanya kazi sikuwahi kumuuliza mteja swali zaidi ya "Unaumia?" Kisha ukachora. Magamba moja moja, na jicho lililokuwa linatazama pembeni kidogo kama la samaki aliyeshtuka. Ulipofuta wino, mzee aliusogeza mkono kwenye mwanga akakaa kimya mpaka nikadhani amekasirika.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu tulikuwaga tunamtupa."

Mimi nilitoka nje, nikasema naenda kununua sigara. Sivuti sigara, unajua. Nilizunguka mpaka ufukweni, nikasimama pale nikiwa na hasira na sikujua ni hasira ya nani. Jinsi ulivyomsikiliza yule mzee ndivyo mimi nilivyotaka kusikilizwa na kusikiliza maisha yangu yote, na sikujua kwamba jambo hilo linawezekana. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa na ulilifanya kama mtu anayechota maji.

Kuanzia siku hiyo nilikufanyia visa vidogo vidogo. Mteja akiingia nakutuma dukani. Betri zako nilizitia kwenye tochi yangu zikaisha. Nilikwambia mashine inavimbisha ngozi, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba sindano yangu ndiyo inayovimbisha. Mbele za watu nilikusifu sana, lakini sikiliza nilivyokuwa nikisifu: "Hiyo ni damu yangu," "Hayo yote nimemfundisha mimi." Nilijisifu mwenyewe nikitumia mdomo wa kukusifia wewe. Ukawa unainamisha kichwa na kutabasamu. Sijui kama ulijua. Nadhani ulijua kidogo.

Ni miaka hiyo hiyo ugonjwa ulipotushika kweli. Kila Jumamosi tulikuwa makaburini. Sabina alikuwa ameshaanza kufanya usafi pale zahanati, akaja na habari za sindano na nyembe, akakuletea kopo na kukueleza jinsi ya kuchemsha. Mimi niligoma. Nilisema moto wa kibiriti unatosha, umenitosha tangu Uganda. Wewe hukubishana nami. Ulizichukua sindano zangu nilipokuwa nimelala mchana, ukazichemsha mpaka maji yakapungua nusu, ukazirudisha kwenye kitambaa safi kilichopigwa pasi. Ukafanya hivyo kila siku, mpaka nami nikazoea, na nikaanza kujitapa kwa wateja kwamba kwangu kila kitu kinachemshwa. Kwa hiyo nilijua vizuri kuliko mtu yeyote hapa duniani jinsi sindano zako zilivyokuwa safi.

Msimu wa pamba ukafika, nikaenda Bunda peke yangu. Nilikaa pale sokoni ninapokaa siku zote. Akaja mama Magesa wa Nyasura. Yule mama nimemchora majina ya watoto wake sita, mmoja baada ya mwingine, kila alipojifungua anakuja akiwa na kichanga mgongoni. Sasa alikuwa na wa saba. Akakaa, akapandisha mkono wa gauni, akatazama kushoto na kulia.

"Baba Nyangeta, yule binti hujaja naye?"

"Yuko Musoma."

"Basi huyu wa mwisho ngoja nimsubiri yeye. Nasikia ana mashine, anachoraga kitu mpaka kinataka kukusalimia."

Akashusha mkono wa gauni. Hakufanya kwa ubaya, alikuwa anacheka. Majina sita yangu yakafunikwa na kitambaa mbele ya macho yangu.

"Sawa, msubiri," nikamwambia. "Ila mimi sindano zangu nazichemsha. Hizo za mashine, kwa kweli, sijui."

Nilisema "sijui". Hapakuwa na uongo ambao mtu angenishika nao. Na lile kopo la kuchemshia, ulilonipa wewe, lilikuwa pale miguuni pangu. Mama Magesa aliacha kucheka. Alipandisha tena mkono wa gauni polepole, nikamchora jina la yule mtoto, na halikuwahi kutoka jina zuri namna ile kwenye mkono wangu. Sikutetemeka hata kidogo. Nimekuwa nikilifikiria hilo mwaka mzima, kwamba sikutetemeka.

Yaliyofuata unayajua kwa sababu yalikuangukia wewe. Wiki ya kwanza wateja wakapungua. Wiki ya tatu neno lilishafika Musoma, nalo lilikuwa limekua njiani: mashine haichemki, kisha mashine ina ugonjwa, kisha binti mwenyewe amekonda hamuoni? Wale wageni wakatuma mtu kusema kwamba watu wa nyumbani kwao wanaomba wafikirie kwanza. Wateja wakaniacha mimi pia, maana kwa watu sindano ni sindano. Hiyo sikuihesabu kama adhabu, bado nilikuwa najiambia kwamba sikusema chochote.

Wewe ukatafuta mwenye neno, ukamwona Sabina, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na habari za kuchemsha. Ulimkabili hapa hapa uani. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na bakuli la ugali mkononi. Ulimwita mchawi, ukamwambia alikuja kwetu na kopo ili apate la kusema. Yeye akasema, "Nyangeta, mimi? Mimi?" mara mbili hivyo. Akanigeukia mimi nami nikatazama bakuli. Aliondoka bila viatu, akavisahau pale mlangoni, na mama yako ndiye aliyempelekea.

Mwanangu, lile la Bunda lilinitoka mdomoni kwa sekunde moja. Lakini hili la uani nililifanya kwa mwaka mzima, kila siku, kila ulipompita Sabina njiani ukageuza uso. Ningeweza kulikata siku yoyote. Nilikuwa nangoja lipoe lenyewe. Kama kuna kitu nimejifunza kwa gharama ni kwamba halipoi, mtu tu ndiye anayezoea, na mimi nilizoea mpaka nikaanza kuona kama kweli ni Sabina.

Ulipoiweka mashine kwenye boksi ukasema basi, unajua nilifanya nini? Siku mliyokwenda Butiama kwenye msiba niliitoa. Nilitaka kujua. Nilijaribu kwenye papai kwanza, mstari ukaenda kama njia ya mbuzi. Nikajiambia papai si ngozi. Nikapandisha kaptula na kuanza furu pajani kwangu. Nina furu pale mpaka leo, mguu wa kushoto, mwenye jicho kubwa kuliko kichwa, na anayemjua ni mama yako peke yake. Anasema ni furu aliyekunywa gongo. Nilifikiri nikijua kuitumia mashine wivu utaisha. Wivu uliongezeka, kwa sababu nikajua sasa kwamba si mashine.

Nilianza kupata akili mwezi uliopita, shangazi yako alipoandika kwamba duka lake la vitenge linahitaji mtu na wewe ukasema utakwenda. Mama yako alilia kwa furaha na kwa uchungu pamoja. Mimi, ngoja nikwambie ukweli hata kama ni mchafu, nilipumua kwa nafuu. Nikasema moyoni, sasa nitarudi kuwa fundi wa Musoma. Nilijisikia mwenyewe nikisema hivyo. Nikaogopa sana, Nyangeta. Baba anayefurahi mwanawe kupima vitenge kwa mita ili yeye abaki na mamba wake mwenye tumbo la ng'ombe!

Wiki iliyopita nilipokwambia naenda Bunda kudai pesa, sikwenda kudai. Nilimtafuta mama Magesa sokoni, nikamwambia mbele ya wanawake wenzake wanne wanaouza viazi. Nilimwambia mwanangu anachemsha, alichemsha tangu siku ya kwanza, na mimi nilijua.

"Masatu, wewe ulikuwaga mtu wa maana," akasema. "Hilo neno lilishatufikia mpaka vijijini. Watu wamelilalia na kuamka nalo. Sasa utalirudisha na lori gani?"

Mmoja wa wale wauza viazi akasema kwa sauti, "Mwenyewe baba yake mzazi!" na wote wakageuza migongo. Nilibaki pale mpaka jioni, kila anayenijua aliyepita nikamwambia. Wengine walisikia, wengine walidhani nimelewa. Nitarudi kila siku ya soko. Siahidi kwamba litarudi lote.

Na leo asubuhi, ulipopanda gari la Butiama, nilikwenda kwa Sabina. Alikuwa anaparua samaki mlangoni kwao. Nikasema nilichokuja kusema, nimesimama, sikukaribishwa kukaa. Hakuinua kichwa.

"Nilijuaga," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ile ile, uani. Uliangalia bakuli, baba. Mtu ambaye hajafanya kitu angeniangalia mimi."

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia. Akacheka, lakini cheko lile sitaki kulisikia tena. "Ningemwambia ni baba yake, angemwamini nani? Ningempoteza mara mbili." Nikaomba msamaha. Akasema msamaha wake nisiutafute kwanza, nikaanze na mwenye kuondoka. Kisha akaniuliza basi lako kesho ni saa ngapi. Nikamwambia. Hakusema atakuja wala hatakuja, aliendelea kuparua samaki.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute Dar, mbali, pasipo na mtu wa kumfokea. Niliona ni busara. Baadaye nikaona ni ule ule ujanja wa bakuli. Kwa hiyo mama yako atakukabidhi ukirudi, kabla hujavua viatu. Yeye nimeshamwambia, na tangu hapo ananipa chakula bila kuniita jina. Kwa Sabina ni mwendo wa dakika tano, na giza litakuwa bado. Mimi nitakuwa hapa kibandani. Ukitaka kuja kunisema, njoo, sitatoka kwenda kununua sigara. Ukitaka kwenda zako bila kuniaga, nitasikia basi likipita.

Mashine yako iko mezani, nimeifuta, nimeitia betri mpya. Sikuitia mkobani, maana si mimi wa kuamua. Ila kile kiapo ulichoapa, uliapa kwa sababu ya uongo wangu. Kama utaacha kuchora, acha kwa sababu yako mwenyewe, umechoka, hupendi, umepata bora. Usiache kwa ajili yangu. Nimeshakunyima vya kutosha.

Nasikia huko Dar wapo wanaochora mahotelini na wageni wanapanga mstari. Watakuona. Hawatakusikia ukisema mengi, watakuona ukiuliza maswali yako yale, na baada ya mwezi watalijua jina lako, na hakuna hata mmoja atakayeuliza baba yako ni nani. Ninapoandika hivi roho inaniuma, hapa hapa, leo hii, baada ya yote niliyokwisha kuungama. Sikudanganyi kwamba nimepona. Siku ukimchora mtu akatazama mkono wake akanyamaza, niandikie. Niambie ulichora nini, na aliponyanyua uso alisema nini, neno kwa neno. Nitaisoma nimenuna. Niandikie hivyo hivyo.

Baba yako,
Masatu